Ndoo Zilizovaa Vidani

1

Walinivalisha kofia ya mchezo saa tatu asubuhi, na saa tatu na robo nilikuwa nimeshaua.

Bodi ya Michezo ilituita majaji watatu, raia wa kawaida, tuuhukumu mchezo unaoitwa Lango la Tatu: uruhusiwe nchi nzima au ufungiwe. Barua ilisema tumepatikana kwa kura. Katika watu milioni mia moja, kura ikamwangukia mgane wa Itumbwi, ambaye mke wake alipigwa risasi mbele ya lango hilohilo, lile la kweli. Kura za wakubwa zina macho kuliko watu.

Wenzangu walikuwa Katekista Kidanka, mzee mstaafu aliyekuja na Biblia yake kwenye mfuko wa khaki, na Tatu Msengi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayetengeneza simu sokoni, ambaye michezo ya aina hii ameicheza tangu shuleni. Aliyetupokea ni Mkurugenzi Bakilana. Mama mpole. Mpole kupita kiasi, kama muuguzi aliyeficha sindano nyuma ya mgongo.

"Kanuni ni moja," alisema. "Mnahukumu mchezo wenyewe. Si magazeti yanavyosema, si machungu ya mtu, si siasa. Mchezo kama mchezo. Kila mmoja acheze raundi tatu, kisha aseme ndiyo au hapana, na sababu zake."

"Na kama ni wa dhambi?" Katekista akauliza.

"Dhambi haimo kwenye fomu, baba."

"Basi fomu ina upungufu."

Tatu alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanigeukia, maana nilikuwa nahangaika na ile bunduki ya plastiki. "Mzee Ntandu, hiyo ni bunduki. Umeishika kama jembe."

"Jembe limenilea, binti yangu. Hii imenifanyia nini?"

"Itakupa pointi. Weka kidole hapa. Macho mbele. Wewe ni mlinzi."

Mchezo wenyewe uko hivi. Walinzi kumi na wawili wanalinda ghala la unga. Waporaji kumi na wawili wanataka kuingia na kutoka na unga kabla ya dakika ishirini kwisha. Hao wote ni watu halisi, kila mmoja anacheza kutoka alipo. Siku ile walikuwa wachezaji wa majaribio wa Bodi. Katikati yao kuna wakazi sitini na mmoja, ambao hawachezwi na mtu. Kompyuta ndiyo inayowatembeza. Mlinzi amevaa miwani, na miwani hiyo inamsaidia: mwenye haki ya kuwepo anaonekana kijani, asiye na haki anaonekana mwekundu. Mwekundu unampiga. Basi.

King'ora kililia. Vumbi likasimama. Nilivyoona vumbi lile nikalijua, la njano, lenye makapi ya alizeti ndani yake, kama la kwetu lilivyo kila mwezi wa saba. Sikuwa na muda wa kushangaa. Mbele yangu ilikaa mistari ya vitu vya kijani, vimetulia, na kutoka upande wa kushoto kikatokea kitu chekundu kinakuja mbio moja kwa moja kwenye mistari ile. Utotoni nilifukuza ndege kwenye uwele kwa kombeo. Jicho la kulenga halizeeki. Nilifyatua.

Chekundu kilianguka. Kengele ikalia sikioni, pointi kumi, na nilifurahi. Naandika hili kwa aibu. Nilifurahi kama mtoto.

Kisha mtu niliyempiga akasema, "Ngoja kidogo, mlenda unamwagika!"

Haikuwa sauti inayofanana na ya Eliwaza. Ilikuwa ya Eliwaza, mke wangu, na maneno yalikuwa yake, na siku aliyoyasema naikumbuka. Nilikuwa nje nafunga bati ambalo upepo ulikuwa unalinyanyua, nikamwita aje ashike ngazi, naye akanijibu hivyo kutoka jikoni, kwa mshtuko, kwa sababu kweli mlenda ulikuwa unapanda na kuzima moto. Baadaye akatoka na mwiko mkononi akaishika ngazi kwa mkono mmoja. Tulicheka.

Nilijikuta nimekaa sakafuni, kofia iko pembeni. Mkurugenzi Bakilana alikuwa ameinama juu yangu na glasi ya maji. Glasi hiyo niliiona mapema mezani, imefunikwa na kisahani, kabla sijagusa bunduki.

"Pole sana, Mzee," alisema. "Pole sana. Hili lisingetokea kama watu wangekuwa na utu. Ukipenda, andika hapana sasa hivi. Gari lipo, utalala kwako leo. Mchezo ukifungiwa, kumbukumbu zote sitini na moja zinafutwa. Mama atapumzika."

Nilishika kalamu. Nasema kweli, niliishika.

"Nani kautengeneza?" nikauliza.

"Yuko nje kwenye benchi. Lakini huna haja ya..."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

2

Nilitegemea kumkuta bwana mwenye tai. Nilimkuta mwanamke mwembamba anakula karanga kwenye karatasi. Yusta Mghenyi. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, Mzee."

Sikuitikia. "Wewe ndiye uliyemfanya mke wangu alie mlenda anapokufa?"

Akazikunja karanga zake taratibu. "Eliwaza Ntandu," alisema. "Mkazi wa arobaini na nne. Sikuchagua mimi, Mzee. Mashine iliambiwa itafute, katika sauti za kila mtu za miaka miwili, ile yenye mshtuko kuliko zote. Kwa wengine tulipata vilio, matusi, majina ya watoto. Kwake tulipata mlenda."

"Hakuwa mtu wa kulia."

"Hata mashine iliona hivyo."

Ningeondoka. Lakini neno hilo lilinikalisha kwenye benchi, kwa sababu tangu tumzike hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniambia jambo moja la kweli kuhusu mke wangu, na huyu, anayemwuza kwenye mchezo wake, alikuwa amemjua.

Kwa asiyeijua miaka ile, nitaeleza. Mvua ilipogoma mara ya tatu, Idara ya Ugavi ilimvalisha kila mtu kidani shingoni, kidude cha ukubwa wa mbegu ya ukwaju. Bila kidani hupati unga. Kilisikiliza moyo wako, mwendo wako na sauti yako, ili mtu asije akachukua fungu la jirani. Tuliambiwa yaliyomo humo ni siri kati yetu na Idara. Kiangazi kilipokwisha, Idara ikaziuza kumbukumbu zile kwa yeyote aliyetaka, kama mtu anavyouza vyuma chakavu. Yusta alikuwa mmoja wa walionunua.

"Nilitaka mwendo wa watu," alisema. "Ni hilo tu. Michezo yetu watu wanatembea kama wanasesere. Nikasema, hawa ni watu wa kweli, watatembea kama watu. Sikuwa na nia njema wala mbaya. Nilikuwa natengeneza mchezo wa kupigana risasi, uuzike."

"Halafu?"

"Halafu nikafungua siku ya mwisho. Vidani sitini na moja, mbele ya lango la tatu. Vimekaa kwa muda wa saa mbili. Vyote haviendi popote, vyote viko usawa wa goti kutoka chini, na hakuna hata kimoja kinachosikia moyo. Nikajiuliza, ni watu gani hawa wanaosimama foleni saa mbili bila moyo kudunda?"

"Ndoo," nikasema.

"Ndoo," akasema.

Itumbwi nzima ilijua. Mwanzoni tulikuwa tunashikia nafasi kwa mawe. Unaweka jiwe lako, unakwenda kukaa kivulini kwenye mashine ya kukamua alizeti, ukisikia king'ora unarudi kwenye jiwe lako. Lakini mawe yanafanana, na mwenye njaa hakosi sababu ya kusukuma jiwe la mwenzake kwa mguu. Ndipo tukaanza kutundika vidani kwenye mikono ya ndoo. Kidani hakiibiki, hakifanyi kazi kwenye shingo ya mwingine. Ndoo iliyovaa kidani ilikuwa mtu kamili. Hata wagomvi waliiheshimu.

Sasa juu ya lango palikuwa na Jicho, mashine ya Idara, na Jicho halikujua mtu ni nini. Lilijua vidani. Siku ile king'ora kilipolia, Jicho liliona raia sitini na moja wametulia kwenye foleni, halafu likaona watu wasio na vidani wanawavamia mbio kutoka upande wa mashine ya alizeti. Likawapaka wekundu kwenye miwani ya walinzi. Taarifa ya serikali ilisema wavamizi wasiojulikana waliwashambulia raia waliokuwa foleni, na walinzi wakawaokoa raia hao.

Raia waliookolewa walikuwa ndoo.

Nilisema hayo mbele ya tume ya uchunguzi, kwa mdomo wangu. Karani aliacha kuandika, akaanza kuchonga penseli. Aliichonga mpaka nilipomaliza.

"Kwa nini hukuandika gazetini?" nikamwuliza Yusta.

"Niliandika. Ilitoka ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la magodoro. Mchezo huu nchi jirani wanaucheza watu milioni mbili."

"Wanacheza kumuua."

"Ndiyo," alisema. Hakujitetea. Kisha akasema, "Kila kitu nimekiweka kama kilivyokuwa, kwa picha za Jicho nilizozinunua baadaye. Lakini lazima uvue miwani. Kuna kitufe chini ya kidole gumba. Mlinzi akivua anapoteza msaada wa kulenga na pointi zake zote, kwa hiyo hawavui. Na lingine, Mzee. Naweza kumwondoa. Nikifanya leo kabla ya jioni, hayumo tena. Nitaweka mtu asiye na jina mahali pake, na mchezo utaendelea bila yeye."

"Wengine sitini?"

"Jamaa zao hawajaniomba. Hawajaitwa."

3

Raundi ya pili niliingia tena kama mlinzi. Mkurugenzi alisema si lazima. Nikamwambia kanuni imesema tatu, na kanuni ni ya kwake.

King'ora, vumbi, mistari ya kijani. Nikakitafuta kitufe kwa kidole gumba, nikavua miwani.

Yale ya kijani yalikuwa ndoo. Ndoo za bluu, ndoo nyeupe za rangi ya nyumba, ndoo ya bati ya mzee Gwau yenye kiraka cha lami, kila moja na kidani kinaning'inia kwenye mkono wake. Na wale wekundu walikuwa sisi. Akina mama wamejifunga khanga kiunoni, mmoja anakimbia ameshika kandambili mkononi ili asichelewe. Mwanamume mmoja anacheka, anamsukuma mwenzake kwa bega, wanashindana. Hawakuwa na habari. Walikuwa wanakimbilia unga.

Niliishusha bunduki. Wenzangu walinzi wakaanza kelele masikioni.

"Namba saba, umelala?"

"Kavua miwani huyo! Nani kavua miwani?"

"Mwacheni babu, yuko msibani!"

Wakacheka. Mmoja wao alikuwa na bunduki ya dhahabu, maana mchezo huu una bunduki za dhahabu kwa anayetaka kujionyesha, akawapiga watu watano mfululizo mbele yangu, na kila mmoja alipoanguka alisema lake. Nilimwona Eliwaza anakuja na ule mwendo wake wa kuegemea kushoto, wa tangu alipoanguka na mtungi akiwa msichana. Nilitaka kupiga kelele. Mlinzi hana sauti ya kuwafikia wakazi, nilijaribu. Nilisimama mbele yake, na risasi ya mwenzangu ikanipita ikampata. Ule mlenda ukamwagika tena.

Upande wetu ulishinda. Mimi nilipata sifuri.

Nilikaa kidogo kabla ya raundi ya tatu, nikafikiri kama jaji. Huenda ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mchezo kama mchezo. Ulikuwa mzuri. Sipendi kusema hivyo. Vumbi lake ni vumbi, watu wake ni watu, na unapolenga moyo unakwenda mbio kwa raha, na mchezo haukunidanganya kwamba si raha. Lakini ukweli wake wote ulifichwa chini ya kitufe ambacho mwenye akili za kushinda hakibonyezi. Yusta alisema ukweli umo. Umo, sawa. Mbegu nayo imo katikati ya mawe ya barabarani ikiangukia hapo. Nani ataiona?

Kwa hiyo raundi ya tatu nikaomba kuwa mporaji, nimfuate Tatu Msengi. Nilitaka kuona anayejua kucheza anaona nini.

Alicheza kama mtu aliyezaliwa humo. Alibingirika, akaruka ukuta wa mashine ya alizeti, akajitupa nyuma ya mstari wa ndoo. Mimi nilimfuata kwa magoti yangu haya, nikafika nikihema.

"Inama, Mzee! Watakutoa ubongo!"

"Tatu, hicho ulichojificha nyuma yake ni nini?"

"Ndoo."

"Ina nini?"

"Mzee, tunapigwa risasi!"

"Ina nini kwenye mkono wake?"

Akageuza kichwa, kwa hasira tu, ili ninyamaze. Akatazama. Akaitazama na ya pili yake, na ya tatu, mstari mzima. Nikaona bunduki yake inashuka polepole mpaka mtutu wake ukagusa mchanga.

"Vidani," alisema. "Vyote vipo huku. Sasa wale wanaokimbia..." Hakumaliza. Walinzi walimpiga hapohapo, na mimi nikafuata.

Alipovua kofia aliiweka mapajani. "Huu mchezo nimeucheza kwa magendo tangu mwaka jana," akasema, bila kujali kwamba Mkurugenzi anamsikia. "Nimejificha kwenye zile ndoo mara mia. Nilidhani ni mapambo, Mungu wangu. Nilidhani ni urembo tu wameweka."

4

Kura ilipigwa baada ya chai, kwenye meza ndefu. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Hakuna aliyeimaliza.

Tatu alisema ndiyo. Sababu yake ilikuwa sentensi moja: "Mtu akionyeshwa mara moja, hatacheza tena vilevile."

Katekista alisema hapana. Alisimama kabisa, kama yuko madhabahuni. "Nimezika watu miaka arobaini," alisema. "Ukishamzika mtu, humfukui ili umtumie, hata kama unamtumia kwa jambo jema. Hawa wanafukuliwa kila dakika ishirini. Wafu hawachezewi."

"Hata kwa ajili ya ukweli, Katekista?" Tatu akamwuliza.

"Ukweli una mahali pake pa kusemewa, mwanangu."

"Wapi?" nikasema mimi. "Nitajie mahali hapo. Nitakwenda kesho, kwa miguu."

Alinitazama mzee yule. Akakaa chini, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, na hakuuondoa. Sikumchukia. Maneno yake ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu tangu asubuhi, yote, na sijui mpaka leo kama hakuwa sahihi.

Ikabaki kura yangu.

Mkurugenzi Bakilana aliisogeza fomu mbele yangu. "Mchezo wenyewe, Mzee," alinikumbusha kwa upole wake. "Na ujue, hakuna atakayekulaumu. Wewe ndiye mwenye uchungu kuliko sote. Neno lako hakuna gazeti litakalolipinga."

Hapo ndipo nilipoielewa ile kura iliyoniangukia. Walitaka mgane ndiye afunge mlango. Kesho wangesema: si sisi, ni mume wa marehemu. Wangemzika Eliwaza mara ya pili, na safari hii sepetu wangenipa mimi.

Lakini ubaya wao haukuniondolea mzigo. Hilo ndilo watu wasiolielewa. Kama mwovu anakutaka uende kushoto, haina maana kwamba kulia kuna heri. Nikisema hapana, mke wangu analala, na kwenye daftari la serikali anabaki mvamizi. Nikisema ndiyo, jina lake linasafishwa na mtu mmojammoja anayevua miwani, na kabla ya huyo mmoja, mia watampiga risasi wakicheka.

"Mimi mwandiko wangu ni mzito," nikamwambia Mkurugenzi. "Nitasema, wewe andika."

Akachukua kalamu.

"Andika, mchezo huu una makosa. Bunduki ya dhahabu ni upuuzi. Matusi ya wachezaji hayana wa kuyazuia. Mtengenezaji kampa mlinzi pointi kwa kuua na hakumpa hata moja kwa kutoua. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika, unafundisha kulenga, na unafundisha vizuri. Nililenga mimi mwenyewe. Atakayesema mchezo huu haumharibu mtu ni mwongo." Kalamu yake ikakimbia. Niliona bega lake linalegea, anajua tunakoelekea. "Halafu andika, una kitufe. Ukikibonyeza unaona uliyekuwa unampiga. Unapoteza pointi, unachekwa, lakini unaona. Nimekaa mbele ya maofisi mengi tangu mke wangu afe, mama. Sijaona ofisi yenye kitufe hicho. Kwa hiyo, mchezo kama mchezo, unazidi ofisi. Uruhusiwe."

Kalamu ilisimama.

"Mzee Ntandu, hiyo ya ofisi ni nje ya..."

"Kuna moja bado. Andika, mtu wa kwanza kutundika kidani kwenye ndoo pale Itumbwi ni mimi. Goti lilikuwa linaniuma, sikutaka kusimama. Wenzangu wakaniiga, wakanisifu. Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu, na yeye akasema baki, goti lako, nitakwenda mimi. Nikamwambia, usisimame juani, kitundike ukae kivulini." Nikaigonga fomu kwa kidole. "Waliofyatua ni wao. Waliotengeneza Jicho ni wao. Waliochonga penseli ni wao. Siwasamehei. Lakini na hilo liandikwe, kwa sababu sitaki ukweli wa nusu, huo wa nusu tumeshaushiba."

Bakilana alikuwa ameiweka kalamu chini. Tatu Msengi alinyoosha mkono, akaichukua, akaivuta fomu, akaandika yeye, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika lebo za simu mbovu. Kisha akanipa niweke dole gumba.

Yusta Mghenyi alikuwa bado kwenye benchi. Nilimwambia. Hakushangilia. Aliuliza tu, "Nimwondoe?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kura. Kura ilikuwa ya watu. Hii ilikuwa yangu. Ningeweza kuwaachia wake za wengine risasi, na wa kwangu nikamtoa mlangoni kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Ndivyo wanavyofanya wakubwa na watoto wao vita inapokuja.

"Ukimtoa, ndoo yake nani ataibeba?"

"Mtu asiye na jina."

"Basi mwache."

"Watampiga kila siku, Mzee. Kila saa."

"Najua. Nimempiga na mimi."

Aliinama. Nikaona machozi yanadondoka kwenye karatasi ya karanga, nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sijaitikia salamu yake. "Marahaba," nikamwambia.

5

Mchezo ungefunguliwa kwa watu saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja Yusta aliniingiza peke yangu. Hakunipa upande. Hakunipa bunduki. "Hakuna wachezaji humo sasa," alisema. "Lakini Jicho limo, na walinzi wa kompyuta wamo, na litatokea lilelile. Siwezi kulizuia bila kuvunja mchezo."

"Sijaomba ulizuie."

"Nikuingize wapi?"

"Asubuhi. Kabla ya king'ora. Wanapokuja kupanga."

Nilisimama kwenye changarawe mbele ya lango la tatu. Jua lilikuwa halijawa kali. Wakazi walikuwa wanafika mmojammoja, wanapiga miayo, wanasalimiana kwa sauti zao za kweli walizosalimiana nazo miaka ile, hujambo ya huyu ikijibiwa na sijambo ya siku nyingine kabisa, na bado ilikuwa salamu. Mzee Gwau alinipita bila kuniona. Kando ya ukuta palikuwa na ndoo nyeupe isiyo na mwenyewe. Nikaichukua, nikasogea mpaka mwisho wa foleni, nikaitua mbele ya miguu yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi ya kumwambia. Kwamba bati lile lilishika, halijanyanyuka tena. Kwamba mbuzi wake yule mkorofi alizaa mapacha. Yusta alikuwa ameshanieleza kwamba mkazi hawezi kujibu jambo ambalo hakuwahi kulijibu alipokuwa hai, kwa hiyo nisimwulize kitu, nitaumia bure.

Nikasikia hatua nyuma yangu, moja nzito, moja nyepesi, zinaegemea kushoto. Sikugeuka. Macho yake yangenipita kama ya mzee Gwau, na hilo sikulitaka.

Hatua zilisimama. Alikuwa anahema kidogo, kama anavyohema aliyepanda kile kilima cha kwetu na ndoo kichwani.

"Samahani, baba," Eliwaza akasema. "Wa mwisho ni wewe?"

Ni swali aliloliuliza kila Jumanne ya zamu yake kwa miaka miwili. Aliwauliza watu wengi. Siku ile nilikuwa mimi.

"Ni mimi, mama," nikamwambia. "Simama nyuma yangu."

Akaitua ndoo yake. Nikatanua mabega kadiri mzee anavyoweza, nikatazama lango.